Maelezo ya Usanifu Ni Ahadi: Yaandikwe Tuyaelewe

Miezi michache iliyopita niliombwa kazi ambayo mwalimu wa Kiswahili katika mji wa mpakani huombwa mara kwa mara, nayo ni kutafsiri. Baraza la mji wetu, hapa mashariki mwa Uganda, lilikuwa limempa msanifu majengo kazi ya kuchora soko jipya litakalochukua nafasi ya soko la zamani la mabanda. Kabla ya michoro kupitishwa, ilitakiwa kamati ya wauzaji isomewe maelezo ya msanifu, kisha itie saini kuonyesha kwamba imeafiki. Katika soko letu huyu huzungumza Kisamia, yule Kigisu, mwingine Ateso, na wa nne amevuka kutoka ng'ambo ya mpaka akiwa na Kijaluo chake. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Basi nikaletewa kurasa nne za Kiingereza, nikapewa siku tatu.

Niliimaliza kazi kwa siku moja, na hapo ndipo ilipo aibu yangu. Tafsiri ilipendeza masikioni. Ilisema kwamba soko litakuwa nafasi inayopumua, inayosherehekea utambulisho wa jamii na kuanzisha mazungumzo kati ya jana na kesho. Nilijipongeza kwa kulipata neno "utambulisho" mahali pake. Jioni nikamsomea jirani yangu, mama auzaye samaki na dagaa katika soko lile lile. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwalimu, maneno ni matamu. Sasa meza yangu itakuwa wapi?"

Nilizipekua kurasa zote nne. Hazikusema.

Ndugu msomaji, swali la mama yule ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nimezoea kuandika hapa kuhusu katiba, kura na wajibu wa raia, na huenda ukajiuliza usanifu wa majengo unaingiaje katika somo la uraia. Jibu langu ni kwamba jengo la umma ni uamuzi wa serikali uliogeuzwa kuwa saruji. Sheria mbaya yaweza kufutwa na Bunge baada ya mwaka mmoja. Ngazi iliyojengwa mahali pasipofaa itawasumbua wazee kwa miaka hamsini. Maandishi pekee yanayomwezesha raia wa kawaida kuujua uamuzi huo kabla haujawa saruji ni yale yanayoitwa maelezo ya usanifu. Kwa hiyo nasema, na nitajitahidi kuthibitisha, kwamba maelezo hayo ni ahadi. Na ahadi isiyoeleweka na yule aliyeahidiwa haimfungi yule aliyeahidi.

Tuanze na maana. Maelezo ya usanifu ni maandishi mafupi ambayo msanifu humpa mteja pamoja na michoro yake. Humo hueleza ameielewaje haja ya mteja, ameamua nini, na kwa sababu gani. Mchoro huonyesha mahali ukuta utakapokaa. Maelezo husema kwa nini ukae pale na usikae kwingine. Tofauti hii ni kubwa, kwa maana watu wengi hawawezi kuusoma mchoro wa jengo, na hilo si kosa lao, kama vile si kosa lao kutoisoma picha ya eksirei. Lakini kila mtu mzima anaweza kupima sababu. Mwambie muuza mboga kwamba paa limeinuliwa ili hewa ya joto itoke, naye atakuambia kama hoja yako ina mantiki, pengine kukushinda wewe. Wengine wameliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kulitungia kanuni: nchini Uingereza, tangu mwaka 2006, baadhi ya maombi ya vibali vya ujenzi hayapokelewi bila maandishi yanayoeleza sababu za usanifu na namna watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, watakavyoingia na kulitumia jengo.

Baada ya swali la jirani yangu nilimpigia simu msanifu. Ni kijana wa huku huku kwetu, msomi na mchapakazi, na michoro yake, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, ilikuwa na mawazo mazuri. Nilimwambia nimeshindwa kutafsiri.

"Mwalimu, ni Kiingereza kigumu?" akauliza.

"Kiingereza nimekielewa, mwanangu. Sikuelewa soko."

Alicheka, kisha akaniambia ukweli. Kurasa zile aliziandika usiku mmoja, michoro ikiwa imekwisha kukamilika. Alijua zitasomwa na watu wa ofisini, nao wana maneno wanayoyatafuta. Yasipokuwepo, kazi hurudishwa. Nikamwuliza mteja wake ni nani. Akajibu bila kusita kwamba ni baraza la mji, maana ndilo lililotia saini mkataba. Nikamwuliza tena: na atakayekaa humo kuanzia alfajiri hadi magharibi, mvua na jua, na kulipa ushuru wa meza kila siku, yeye ni nani? Hapo alinyamaza kidogo.

Simlaumu kijana yule, kwa kuwa swali la mteja ni nani limewatatiza waliomtangulia na waliomzidi. Nchini Misri, katikati ya miaka ya 1940, msanifu mashuhuri Hassan Fathy alipewa na serikali kazi ya kujenga kijiji kipya karibu na Luxor kwa ajili ya watu wa Gourna, waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Idara ya mambo ya kale ilitaka waondoke hapo. Fathy alikuwa mtu wa huruma na ujuzi; alifufua ufundi wa matofali ya udongo, akajenga kuba na matao yanayotia ubaridi ndani ya nyumba bila umeme. Majengo yake husifiwa hadi leo. Hata hivyo watu wengi wa Gourna walikataa kuhamia, na kijiji hakikukamilika kama kilivyopangwa. Riziki yao ilitegemea mahali walipokuwa, na hakuna uzuri wa kuba uliojibu swali la watakula nini. Aliyeagiza kazi alikuwa serikali, na aliyetakiwa kuishi ndani alikuwa mtu mwingine, ambaye hoja yake kuu haikuwa imejibiwa. Fathy mwenyewe alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu yaliyompata pale.

Kwa upande mwingine, upo mfano unaotia moyo kutoka Burkina Faso. Francis Kéré alizaliwa katika kijiji cha Gando, akaenda kusoma Ujerumani, na akiwa bado mwanafunzi wa usanifu mjini Berlin akaanza kuchangisha fedha za kukijengea kijiji chake shule ya msingi. Alipowaambia wanakijiji kwamba shule itajengwa kwa udongo, walipinga. Walikuwa na haki ya kupinga, kwani walikuwa wameziona nyumba za udongo zikibomoka kila msimu wa mvua. Kéré hakuweza kuwaandikia kurasa nne, kwa kuwa wengi wao hawakusoma. Alichora mchangani. Alieleza kwa nini udongo utachanganywa na saruji kidogo, kwa nini paa la mabati litainuliwa juu ya dari na kutokeza nje ya kuta ili kuzikinga na mvua, na kwa nini dari itaachiwa nafasi za kupitishia joto. Wanakijiji walipoelewa sababu, waliijenga shule kwa mikono yao. Ilikamilika mwaka 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo heshima kuu katika fani hiyo.

Ninachotaka tukione hapa ni kwamba yale maelezo ya mchangani yalikuwa maelezo ya usanifu kamili. Yalikuwa na haja, uamuzi na sababu, na yalitolewa kwa lugha ya wenye shule wakati ambapo bado waliweza kusema hapana. Mambo hayo ndiyo yaliyokosekana katika kurasa zangu nne, ingawa zilichapwa vizuri na kutiwa nembo.

Jirani zetu wa Rwanda nao wana somo. Hospitali ya Butaro, katika wilaya ya Burera kaskazini mwa nchi, ilifunguliwa mwaka 2011. Waliohusika ni Wizara ya Afya, shirika la Partners In Health na wasanifu wa MASS Design Group. Haja yao ilielezeka kwa sentensi moja: katika hospitali nyingi, mgonjwa aliyekuja na mguu uliovunjika huweza kuambukizwa kifua kikuu akiwa kwenye korido iliyojaa watu na kukosa hewa. Kutokana na haja hiyo, kila uamuzi ulipata sababu yake. Korido zilitolewa nje ya jengo ili watu wasubiri penye upepo. Madirisha yaliwekwa juu, na feni kubwa dari ni, ili hewa chafu ipande na kutoka. Vitanda vilipangwa katikati ya wodi, vichwa vikielekea ukuta mfupi, ili mgonjwa atazame nje dirishani badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake. Kuta zilijengwa kwa mawe ya volkano ya eneo lile lile, ambayo wakulima waliyaona kuwa kero shambani. Msomaji, nimekueleza hospitali ile kwa sentensi chache, nawe umeielewa bila kuiona na bila kusomea usanifu. Hivyo ndivyo maelezo yanavyopaswa kufanya kazi.

Sasa nirudi kwetu. Niliketi na kijana yule jioni mbili, nyumbani kwangu, michoro ikiwa imetandazwa mezani na kikombe cha chai kikizuia kila pembe. Tulikubaliana kwamba tutaandika upya, kwa Kiswahili kwanza, na Kiingereza kifuate. Mimi niliuliza, yeye akajibu, na kila jibu lililokuwa na sababu tuliliandika. Lililokosa sababu tulilifuta, au alirudi kwenye mchoro kulitafakari. Katika kazi hiyo nilijifunza mambo ambayo napenda kuwashirikisha wote wanaoandika maelezo ya namna hii, wawe wasanifu, wahandisi au makatibu wa kamati za shule.

Kwanza, anza na haja ya watu, na uitaje kwa namna ambayo wao wenyewe wangeitaja. Soko letu la zamani lina shida tatu ambazo kila muuzaji anazijua: matope wakati wa mvua, moto unaoanzia kwenye nyaya za umeme zilizoungwaungwa, na kukosa choo cha karibu. Kurasa za awali hazikutaja hata moja kati ya hizo.

Pili, kila uamuzi ufuatwe na "kwa sababu". Hili ndilo neno kuu katika maelezo ya usanifu. Sentensi isiyoweza kulibeba ni pambo, na pambo lina mahali pake, lakini mahali pake si katika hati inayotiwa saini.

Tatu, taja ulichokikataa. Msanifu aliyefikiri kwa bidii huwa ameacha njia mbili au tatu kabla ya kuchagua moja. Akisema kwamba aliwaza kujenga soko la chini tupu lakini kiwanja hakikutosha, msomaji huona kwamba ghorofa haikuletwa kwa ajili ya fahari.

Nne, sema jengo halitafanya nini. Hapa ndipo ujasiri unapohitajika, na wengi hupaogopa.

Tano, eleza utunzaji: nani atazibua mtaro, nani atabadilisha taa, na fedha zitatoka wapi. Jengo lisilo na mtunzaji huanza kuzeeka siku ya kufunguliwa kwake.

Ili nisibaki katika nasaha tupu, naleta aya moja tuliyoiandika mahali pa ile ya nafasi inayopumua:

"Wauza samaki watakaa ghorofa ya chini, upande wa bomba la maji, kwa sababu huosha bidhaa zao mara nyingi kwa siku, na maji machafu lazima yafike mtaroni bila kupita mbele ya wauza mboga. Wauza nguo watakaa juu, kwa sababu nguo hazihitaji maji wala haziozi zikichelewa kununuliwa. Asiyeweza kupanda ngazi atatumia njia ya mteremko iliyo upande wa stendi. Meza zilizopangwa ni chache kuliko wauzaji waliopo leo, kwa sababu kiwanja ni kidogo na njia za kutokea wakati wa moto haziwezi kupunguzwa. Baraza la mji ndilo litakaloeleza watakaokosa meza watahamishiwa wapi."

Someni tena sentensi mbili za mwisho. Habari hiyo ilikuwemo katika michoro tangu mwanzo, kwa mtu anayejua kuhesabu vijisanduku. Katika kurasa nne za awali ilikuwa imefunikwa na msemo kwamba soko lingekuwa "na uwezo ulioboreshwa wa matumizi ya nafasi". Sidhani kijana yule alikusudia kudanganya. Lugha ya namna ile hudanganya hata pasipo mdanganyifu, kwa kuwa inamruhusu mwandishi kulipita jambo gumu bila kujikwaa.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba Kiswahili ni lugha ya wakweli na Kiingereza ni lugha ya wajanja. Sisi nasi tunayo makopo yetu matupu: mchakato, mazingira wezeshi, wadau mbalimbali, kwa mapana yake. Tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa Kiswahili sanifu kisicho na kosa hata moja la sarufi, na ilikuwa tupu vilevile. Kilichoisaidia tafsiri ya pili ni kwamba iliandikwa huku tukimkumbuka msikilizaji anayejulikana, mwenye swali linalojulikana. Unapomwandikia mama muuza samaki, huwezi kusema "nafasi itaratibiwa". Atakuuliza: na nani?

Siku ya mkutano ilipofika, maelezo mapya yalisomwa mbele ya kamati na wauzaji wengine waliokuja. Yalipofika kwenye idadi ya meza, palizuka kelele. Wengine walisimama. Mzee mmoja auzaye vyungu alisema kwamba ameuza hapo tangu kabla ya msomaji wa maelezo hayajazaliwa, na angependa kujua kama yumo katika wenye meza au katika watakaohamishwa. Hakuna aliyeweza kumjibu. Kamati ilikataa kutia saini siku ile, ikataka kwanza orodha ya wauzaji iandaliwe na mahali pa watakaobaki patajwe. Hadi ninapoandika haya, saini haijatiwa. Mazungumzo yanaendelea, na sijui yataishia wapi.

Ofisa mmoja alinikuta njiani siku iliyofuata akaniambia, "Mwalimu, umetuharibia kazi." Maneno yale yamenikaa moyoni, na nataka kuyajibu kwa heshima, kwa kuwa yana hoja ndani yake. Fedha za ujenzi huja na muda wake. Kuchelewa kunaweza kuufanya mradi upotee kabisa, na matope yaendelee kuwa matope. Mtu aliyesema hivyo hakuwa adui wa wauzaji. Aliogopa kwamba soko lisingejengwa. Hofu hiyo naishiriki. Ikiwa mradi utakwama, nami nitakuwa na sehemu yangu katika kukwama kwake.

Lakini tujiulize ugomvi ule ungetokea lini kama usingetokea siku ile. Ungetokea siku ya kugawa meza, jengo likiwa limesimama na fedha zimekwisha, na kati ya wauzaji mia kadhaa baadhi wangegundua kwamba majina yao hayamo. Siku hiyo hapangekuwa na karatasi ya kusahihisha. Hapo ndipo rushwa inapoota, kwa sababu meza chache na watu wengi, bila kanuni iliyotangazwa mapema, humpa mgawaji nguvu asizostahili. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa katika aya moja, na aya huzibwa kwa kalamu.

Wapo wasanifu watakaonijibu kwamba kazi njema haihitaji maneno mengi, maana kizuri chajiuza. Methali hiyo inafaa kwa embe, kwa kuwa anayelinunua hulishika, hulinusa, na lisipompendeza hulirudisha kapuni. Soko hulishiki kabla ya kulijenga, na baada ya kulijenga huwezi kulirudisha. Maelezo ndiyo nafasi pekee ya kulinusa. Isitoshe, msanifu mwenyewe hufaidika. Kijana wetu aligundua, alipokuwa akinieleza njia ya mteremko, kwamba mlango wake ulifunguka mahali ambapo pikipiki za bodaboda huegeshwa. Aliuhamisha jioni ile ile. Hakuna mtu aliyemkosoa. Sentensi yake mwenyewe ndiyo iliyokataa kukamilika.

Wengine watasema wananchi hawana elimu ya kutosha kuchangia jambo la kitaalamu. Hao nawaomba wafikirie tena habari za Gando. Wanakijiji hawakuulizwa nondo iwe na unene gani. Walielezwa nia na sababu, wakatoa shaka yao kuhusu mvua, na shaka yao ilikuwa ya kweli. Mtaalamu na mtumiaji hawashindani. Mmoja anajua jinsi jengo linavyosimama, mwingine anajua jinsi siku yake inavyokwenda, na jengo la umma linahitaji elimu zote mbili.

Kisheria pia hatuombi fadhila. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile zinazoweza kudhuru usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 ikaweka utaratibu wa kuitumia haki hiyo. Ibara ya 38 nayo inatambua haki ya raia kushiriki katika mambo ya serikali. Idadi ya meza katika soko si siri ya usalama. Aidha, Kiswahili kiliingizwa katika Katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Nimekaa miaka mingi nikiwaambia wanafunzi kwamba lugha hii ina kazi nje ya mtihani. Hii hapa ni mojawapo ya kazi hizo. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia raia meza yake itakuwa wapi ina urasmi wa jina tu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa mabaraza ya miji na wilaya: mnapompa msanifu kazi ya jengo la umma, andikeni ndani ya mkataba kwamba atatoa maelezo yasiyozidi kurasa mbili, kwa lugha inayosemwa na watumiaji, na kwamba yatasomwa hadharani kabla ya michoro kupitishwa. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kubomoa ukuta. Kwa wasanifu: andikeni maelezo mapema, michoro ikiwa bado na penseli, kwa maana maelezo yanayoandikwa usiku wa mwisho huwa sifa za jambo lililokwisha kuamuliwa. Na kwa raia wenzangu: msitie saini hati ambayo hamwezi kumweleza jirani yenu. Mkisomewa maneno matamu, ulizeni swali la mama muuza samaki, nanyi kaeni kimya mpaka lijibiwe.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina zoezi la wiki hii. Wapeni wanafunzi wa kidato chochote kazi ya kuandika ukurasa mmoja wa maelezo ya choo kipya cha shule: nani atakitumia, kikae wapi, kwa sababu gani, maji yatatoka wapi, nani atakisafisha, na ni nani ambaye hakitamtosha. Wasahihishieni kwa kigezo kimoja kabla ya sarufi, yaani kila uamuzi uwe na sababu yake. Mimi nimewapa wangu. Msichana mmoja aliandika kwamba mlango usiangalie uwanja wa mpira, kwa sababu wasichana hawatakwenda wakati wa mapumziko. Shule yetu ina choo kilichojengwa kwa fedha nyingi, na mlango wake unaangalia uwanja wa mpira.